Nilivyomfumba Mdomo Mwalimu wa Kuchora

Nilishawahi kushika namba moja katika mtihani ambao sikuandikishwa, kwenye chuo kilichonikatalia mlangoni, na muda wote wa mtihani huo nilikuwa nimekaa mbele ya darasa kifua wazi, nimekatazwa hata kujikuna.

Usiharakishe kusema naongopa. Kaa, nikueleze taratibu.

Mimi ni mzee sasa, na miguu yangu haijawahi kupenda kutulia mahali pamoja. Shule nilisoma kwa vipande. Darasa la kwanza mji mmoja, la tatu mji mwingine, la tano nikalisoma mara mbili kwa kuwa kila nilikohamia walinirudisha hapo hapo. La nne sijaliona mpaka leo. Sijui wanafundisha nini humo.

Ila kuchora kulinikamata tangu mdogo kama upele. Nilichora ukutani, mgongoni mwa madaftari ya wenzangu, hadi kwenye unga uliomwagika jikoni. Nilichapwa kwa ajili hiyo kila mji niliopita.

Nilipotimiza miaka thelathini na kitu nikafikia kwa dada yangu, mshonaji nguo. Alikuwa na chumba cha kulala na chumba cha cherehani. Mimi nililala chini ya meza ya kukatia vitambaa, na asubuhi nilikuwa naamka nina nyuzi kichwani kama bibi harusi.

Mtaa wa nyuma kulikuwa na chuo cha sanaa.

Nikakipita siku ya kwanza. Nikakipita siku ya pili. Siku ya tatu nikaingia.

Karani wa ofisini hakuinua kichwa.

"Cheti."

"Sina, mama."

"Cha sekondari huna?"

"Sina."

"Cha msingi?"

"Nina kadi ya chanjo."

Hapo akainua kichwa. Akanitazama kuanzia mabegani hadi kwenye viatu, kama mtu anayepima kabati kama litapita mlangoni.

"Unaweza kukaa bila kutikisika?"

"Muda gani?"

"Saa tatu, na mapumziko mawili."

Ndivyo nilivyoingia chuoni. Si kama mwanafunzi. Kama mtu wa kuchorwa.

Wasiojua kazi hiyo niwaambie. Pale mbele ya darasa kuna jukwaa la mbao, juu yake kiti. Unavua shati, unabaki na kaptula, unakaa kama mwalimu atakavyokupanga. Wanafunzi wanakuzunguka kwa nusu duara, kila mmoja na ubao wake na kipande cha mkaa, wanakuchora. Wewe kazi yako ni kuwa kitu.

Dada yangu aliposikia alicheka mpaka akatoboa kidole kwa sindano.

"Unalipwa kukaa? Basi hata mbuzi wadai mshahara wa kula."

"Ni kazi ngumu, dada."

"Ngumu kwa nani? Kwa kiti?"

Wanafunzi walikuwa kumi na wanne. Awali walikuwa kumi na watano, ila binti mmoja, mwenye namba kumi na tano, aliacha masomo katikati ya mwaka akaenda kufungua saluni. Waliniita Sanamu. Hawakuniita kwa ubaya. Walinisalimia wakiingia na kuniaga wakitoka, ila darasa likianza nilikuwa kama dirisha. Nani anaona haya mbele ya dirisha?

Mwalimu tulimwita Mwalimu Mstari, kwa kuwa neno lake lilikuwa moja. Mstari. Mtu akikosea bega, tatizo ni mstari. Akikosea jicho, mstari. Nadhani hata chumvi ikizidi kwenye chakula chake nyumbani alilaumu mstari.

Lakini alijua kazi. Hilo sitamnyima.

"Usichore pua," alikuwa akisema. "Chora kivuli kinachoiacha pua."

"Bega lililobeba uzito liko chini. Mtazame. Yuko chini upande gani?"

Mimi juu ya kiti nakula maneno hayo yote. Karatasi zao sikuziona, zilinipa mgongo. Nilisikia tu makosa yao na dawa ya kila kosa. Nikawa naangalia nilichonacho mbele yangu, yaani wao. Akisema kivuli cha pua, mimi nakitafuta kwenye pua ya binti aliyekaa katikati. Akisema bega, natafuta bega la jamaa wa dirishani.

Saa tatu natazama, mikono imelala mapajani, sina mkaa wala karatasi. Kisha nakwenda nyumbani, nachukua karatasi za kaki ambazo dada alikatia vipimo vya magauni, nachukua kipande cha mkaa jikoni, nachora nilichobeba kichwani.

Miaka mitatu nilifanya hivyo.

Mara mbili nilimwomba Mwalimu anipe nafasi darasani. Nilijua ana uwezo huo. Kulikuwa na kitu kinaitwa msikilizaji: mtu asiye kwenye orodha, anayepewa kigoda na ubao kwa hisani ya mwalimu. Nilikitaka kigoda kile kuliko nilivyopata kutaka mke.

Mara ya kwanza aliniambia, "Kila mtu na kazi yake, ndugu yangu."

Mara ya pili alicheka. "Ukishuka pale juu, hawa watachora nini? Hewa?"

Nikarudi kitini. Ila mtu akicheka ombi lako, ombi halifi. Linageuka fitina.

Kwanza nikueleze siri moja, maana bila hiyo kisa hakisimami.

Mtu wa kuchorwa anaona mambo.

Wanafunzi wote wananitazama mimi, kwa hiyo hakuna anayemwona mwenzake. Binti wa katikati alikuwa anakula mkate nyuma ya ubao wake, anamega kidogo kidogo kama panya wa msikitini. Jamaa wa dirishani alikuwa anajipaka mkaa kwenye upara wake uliokuwa unaanza, ili usionekane. Na mwanafunzi mmoja waliyemwita Msomi, kwa kuwa aliongea kuliko redio, hakuwahi kunitazama mimi hata dakika tano. Alimtazama jirani yake. Yaani ubao wa jirani yake. Alimchora Sanamu kwa kumnakili aliyemchora Sanamu.

Na Mwalimu?

Mwalimu alikuwa analala.

Akishatoa maneno yake, alisimama nyuma ya darasa, mgongo kwenye kabati refu la vifaa, mikono ameikunja tumboni, macho amefumba, mdomo wazi kiasi cha kupitisha yai. Kila baada ya muda alishtuka, akasema "Mstari", akarudi usingizini. Wanafunzi walitetemeka wakidhani jicho lake liko migongoni mwao.

Darasa zima, aliyejua ni mimi tu.

Ukafika mtihani wa mwisho wa mwaka. Siku tatu za kuchora, swali moja limeandikwa ubaoni: *Mtu aliyeketi.* Kila mwanafunzi apewe karatasi moja yenye muhuri, nyuma ina namba badala ya jina. Picha zikikusanywa anakuja Mtahini kutoka nje, mtu asiyemjua yeyote, anazipanga kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Itakayoongoza inatundikwa kwenye ukumbi wa kuingilia mwaka mzima.

Siku ya kwanza Mwalimu aligawa karatasi. Ikabaki moja mezani.

Namba kumi na tano. Ya binti wa saluni. Hakuna aliyekumbuka kulifuta jina lake.

Ile karatasi ilikaa pale mezani siku nzima, mbele ya macho yangu, na mimi siruhusiwi kugeuza shingo.

Jioni nilipovaa, nikaikunja ndani ya shuka nililokuwa najifunika wakati wa mapumziko. Nikatoka nayo. Nikamuaga karani vizuri kabisa, nikamuuliza na hali ya watoto.

Nilichora kwa usiku mbili kwenye meza ya dada. Alipoona nimejaza mkaa kwenye vitambaa vya wateja alitaka kunipiga na rula, kisha akaitazama karatasi, rula ikabaki hewani.

"Hawa ni nani?"

"Watu wa chuoni."

"Huyu mwizi anaangalia nini kwa mwenzake?"

"Ndiyo hivyo, anaangalia."

Akainama zaidi. "Na huyu wa nyuma amelala."

Nikajua picha imekubali.

Siku ya tatu, zilipokusanywa, Mwalimu alizilaza mezani akatoka kuita mlinzi wa kufunga mlango. Nikiwa navaa shati nikaichomeka yangu katikati. Moyo ulipiga kama cherehani ya dada siku ya kuamkia sikukuu.

Nilikuwa na mpango gani? Huu hapa. Mtahini azipange. Yangu ishike nafasi yoyote, hata ya kumi. Kisha nimwendee Mwalimu nimwambie, namba kumi na tano ni mimi, kigoda changu kiko wapi? Nilijua hakuna atakayenishtukia kabla mwenyewe sijasema. Jina halipo, namba si yangu, mkono haujulikani.

Angalia ujinga wa mtu aliyesoma vipande.

Asubuhi yake Mtahini akafika. Mama mnene, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, viatu vya kutembelea. Wanafunzi wamesimama ukutani. Mimi nimesimama mlangoni na shati langu. Nilijifanya nimekuja kuchukua shuka.

Aliweka picha zote sakafuni akazizunguka kama mtu anayechagua kuku sokoni. Hii huku, ile kule. Akafika kwenye moja, akasimama. Akavaa miwani. Akaivua, akaifuta, akaivaa tena.

"Swali lilisema mtu aliyeketi," akasema.

"Ndiyo, Mtahini," Mwalimu akajibu.

"Huyu amechora walioketi kumi na wanne."

Akaiinua juu watu waione. Darasa lote lilikuwa mle. Binti na mkate wake. Jamaa na upara wake, kidole kimejaa mkaa. Msomi na shingo yake ndefu kuelekea kwa jirani. Na nyuma kabisa, katikati, amesimama kwenye kabati kama mfalme wa karata, Mwalimu Mstari na mdomo wake.

Jamaa wa dirishani akafunika upara wake kwa kiganja.

"Hii ndiyo ya kwanza," Mtahini akasema. "Nyingine zimemchora mtu. Hii imewaona watu. Namba kumi na tano ni nani?"

Mwalimu alisogea karibu na picha. Alikuwa anautazama mdomo wake.

Msomi akapiga hatua mbele. Akakohoa kidogo.

"Ni mimi, Mtahini. Nilitaka kulitazama swali kwa upana."

Nikasema moyoni, kweli njaa haina haya.

Mtahini akamtazama, akaitazama picha, akamtazama tena.

"Hongera, mwanangu. Ila huyu mwenye shingo ya twiga anayechungulia kwa mwenzake, si ndiye wewe?"

"Ni mimi, lakini..."

"Basi hujichori vizuri. Unajichongea."

Watu wakacheka, Msomi akarudi ukutani akiwa mfupi kuliko alivyotoka.

Mtahini akapanda kwenye jukwaa. Akasimama kando ya kiti changu, akaishika picha mbele yake, akalinganisha. Dirisha hapa, dirisha pale. Kabati huku, kabati kule. Akasogea nusu hatua kushoto. Akainama kidogo, kimo cha mtu aliyekaa.

Hapo ndipo nilipojua nimejikamata mwenyewe. Nilificha jina, nikaficha namba, nikasahau kuficha mahali nilipokaa.

"Aliyechora hii," akasema polepole, "alikuwa kwenye hiki kiti."

Vichwa kumi na vinne vikageukia mlangoni.

Mwalimu akapata sauti. "Huyu? Mtahini, huyu si mwanafunzi. Huyu ni kama kifaa. Ni samani ya darasa."

"Samani imekuona umelala, Mwalimu."

"Nilikuwa nafikiri."

"Kwa mdomo?"

Mwalimu akajikaza. Akasema si haki, huenda karatasi imechorwa na mtu wa nje, mafundi wako wengi mitaani, kama ni kweli basi Sanamu achore hapa hapa, watu wote waone. Mtahini akakubali. Saa moja, karatasi moja.

"Nani atakaa?" akauliza.

Watu wakatazamana. Anayekaa siku zote ni mimi.

"Ukae wewe, Mwalimu," Mtahini akasema. "Unajua kazi."

Alikaa. Hakuvua shati, tulimheshimu.

Nikapewa kigoda. Ubao. Mkaa wa kweli, sio wa jikoni. Miaka mitatu nakiota kigoda kile, na sasa kiko chini yangu. Nikamtazama Mwalimu.

Nikamtazama.

Dakika kumi zikapita. Mwalimu akaanza kuwashwa sikio. Ishirini, mguu ukafa ganzi, akaupigapiga. Yule aliyenikaripia mara mia kwa kupepesa jicho alikuwa anajinyonganyonga kama mtoto anayenyolewa. Mimi bado natazama. Karatasi nyeupe pe.

"Mtahini," Msomi akasema kutoka ukutani, "karatasi bado mpya, tunaweza kuirudisha dukani."

Dakika arobaini. Mkono wangu ulikuwa umelala pajani kama ulivyozoea. Nikauambia nyanyuka, haunyanyuki. Jasho likanitoka. Kigoda kiko chini yangu na ninakiona kinaondoka.

"Una tatizo gani, baba?" Mtahini akaniuliza kwa upole.

"Naomba aondoke," nikasema.

"Nani?"

"Mwalimu. Akiwepo siwezi kuchora. Namtazama."

Walicheka sana. Mtahini hakucheka. Akamwambia Mwalimu atoke nje, na akitoka asirudi mpaka aitwe.

Kiti kikabaki kitupu. Na mkono ukaamka.

Mimi nilitazama miaka mitatu bila karatasi, nikachora miaka mitatu bila mtu. Hayo mawili sikuwahi kuyafanya pamoja, hakuna aliyenifundisha kwamba huwa yanafanywa pamoja. Nikainamia karatasi, sikuinua kichwa. Sikio linalowasha, mguu uliokufa ganzi, jinsi alivyofinya midomo akijikaza asijikune. Dakika kumi na tano nikaweka mkaa chini.

Mtahini aliitazama, akaandika kitu kwenye daftari lake. Kisha akasema namba kumi na tano itundikwe ukumbini, siku ya maonyesho ya wazazi yeye mwenyewe atakuja kuiona.

Ungedhani kisa kimeishia hapo. Bado. Ubaya wangu haujafika.

Siku mbili kabla ya maonyesho, Mwalimu aliniita stoo. Akafunga mlango. Picha ilikuwa mezani, na pembeni yake mkate. Mkate mzima, laini, wa dukani. Watu wa mkaa wanaelewa: kifutio kizuri cha mkaa ni mkate, unaubonyeza kwenye karatasi unakula weusi wote.

"Ndugu yangu," akasema. Siku hiyo nilikuwa ndugu kwelikweli. "Unakitaka kigoda?"

"Unajua ninavyokitaka, Mwalimu."

"Jumatatu kiko chako. Msikilizaji. Nitaandika barua mwenyewe. Ila nifumbe mdomo."

"Mdomo tu?"

"Tu. Macho yaache. Mtu aliyefumba macho na kufumba mdomo anafikiri. Wazazi watakuja, mke wangu atakuja. Nifumbe mdomo, nifikiri."

Nikautazama mkate. Nikaitazama picha. Ile picha ndiyo kitu pekee nilichofanya maishani bila kukosea.

Nikamega mkate.

Nilibonyeza, nikafuta, nikachora midomo miwili imekutana vizuri, mstari mmoja ulionyooka. Yeye anaupenda mstari. Nikarudi nyuma hatua mbili nitazame.

Na nikaona.

Mwalimu hakuona, alikuwa anafurahi. Lakini mimi niliona palepale. Macho yamefumba. Mdomo umefumba. Mikono imekunjwa tumboni. Na lile kabati nyuma yake, refu, jembamba kama jeneza, milango yake miwili imemkumbatia mabegani.

Nilikuwa nimemzika mtu.

Ningemwambia. Sentensi moja tu. Ila ningesema, angetaka nianze upya, na kigoda kingesogea mbele. Nikanyamaza. Nikaifunga picha kwenye fremu kwa mikono yangu mwenyewe, nikala na mkate uliobaki.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa. Nilimleta dada, amevaa gauni alilolishona usiku kucha. Picha iko ukutani, imeangaliana na mlango.

Mzee mmoja, baba wa mwanafunzi, aliingia, akaiona, akavua kofia. Waliokuwa nyuma yake wakamwona amevua, nao wakavua. Mama mmoja akachukua chombo cha maua mezani akakiweka chini ya picha. Sauti zikashuka. Watu wakaanza kupita mmoja mmoja mbele ya ile picha, wamekunja mikono.

"Ni wanafunzi wake wamemchorea kumbukumbu," nikasikia mtu ananong'ona. "Angalia wanavyomkodolea macho mchoraji, masikini, bado hawajaamini."

Dada yangu akanibana ubavu. "Umefanya nini wewe?"

"Nyamaza, dada."

Mke wa Mwalimu akaingia. Mama mrefu, mkoba mkononi, anatabasamu. Yule mzee mwenye kofia akamfuata moja kwa moja, kumbe wanafahamiana.

"Mama, pole sana. Hatukupata habari."

"Habari ya nini?"

"Ya Mwalimu. Alikuwa mtu wa watu."

Mwalimu mwenyewe alikuwa hatua tatu kutoka pale, kashika kikombe cha chai. Mzee alipogeuka akamwona, kofia ikamwanguka.

"Nani amekufa?" Mwalimu akauliza.

Kila mtu alitazama picha, akamtazama yeye, akatazama picha. Naye akageuka, akaitazama kwa mara ya kwanza kwa mbali.

Mkewe akasogea hadi mbele ya picha. Akaikagua kama fundi anayekagua mshono.

"Huyu si mume wangu," akasema.

"Ndiye, mama," mtu akasema.

"Siye. Nimelala na mume wangu miaka ishirini na miwili. Hajawahi kufumba mdomo hata usiku mmoja. Inzi wa nyumbani wanamjua."

Kicheko kilichotoka hapo kilifika hadi kwa karani ofisini. Wazee wamejishika mbavu. Binti wa mkate amekaa chini.

Katikati ya kicheko hicho nikamwona Mtahini, amesimama nyuma ya watu na miwani yake. Yeye hakucheka.

"Nani ameiharibu hii picha?"

Mwalimu akanitazama. Macho yake yaliomba na kutisha kwa pamoja. Kigoda changu kilikuwa ndani ya macho yale, na mimi nilikiona wazi, kina miguu mitatu.

"Mimi," nikasema.

"Kwa nini?"

Ningeweza kumtaja. Lakini aliyemega mkate alikuwa nani?

"Nilitaka kitu, Mtahini. Niliona ukweli, nikaufuta kidogo ili nikipate. Na nilipoona umeharibika nikanyamaza. Hakuna aliyenishika mkono."

Mwalimu aliweka kikombe mezani. Akatafuta kwenye sahani za wageni, akachukua kipande cha mkate, akaja akakiweka kiganjani mwangu, mbele ya mkewe na wazazi wote.

"Nifungue mdomo," akasema. "Kabla hawajachimba kaburi."

Niliitoa picha kwenye fremu, nikaipigia magoti pale pale sakafuni. Watu wamenizunguka, wananipumulia shingoni, na mwenye mdomo wake amesimama mbele yangu. Mkono haukugoma. Kila nilipozidisha, mkewe alisema, "Wazi zaidi, baba. Zaidi. Hapo. Hapo ndipo."

Nilipomaliza, Mwalimu aliinama akaitazama kwa muda.

"Jumatatu, kigoda kiko dirishani," akasema. "Ukichelewa nakitoa."

Nilikaa kwenye kigoda kile miaka miwili. Mtu mwingine wa kuchorwa hakupatikana, ikabidi wanafunzi tukae kwa zamu, kila mmoja na siku yake, na Mwalimu akachukua Ijumaa. Darasa likabadilika ghafla. Hakuna tena aliyekula mkate nyuma ya ubao, na Msomi, alipokaa juu mara moja akaona shingo za wenzake, akaanza kuchora kwa macho yake mwenyewe. Si vizuri sana, ila yake.

Mwisho wenzangu walipewa vyeti. Mimi sikupewa, msikilizaji hayumo kwenye orodha. Karani aliniambia kwa huruma, safari hii kichwa kikiwa juu. Nikamwambia asijali, nikafunga mzigo, nikaondoka mji ule na mkaa wangu. Tangu hapo nimechora watu kwenye stesheni, kwenye foleni za zahanati, kwenye vyumba vya kusubiri vya mahakama. Kila mahali ambapo watu wanadhani hakuna anayewaona. Nimeishi kwa hiyo, na dada yangu hadi leo hawaambii watu nafanya kazi gani.

Wewe unayesoma hapa na umefungiwa mlango wa darasa, ingia hata kwa kazi ya kuwa kiti. Ukishaingia, fungua macho, maana elimu humwagika, na wenye viti vyao hawaioni ikimwagika.

Ila chora ulichokiona. Aliyelala, mwache alale na mdomo wake wazi. Ukimfumba kwa kumpendeza, watu watamletea sanda.